Baba wa Nyonga

Nyonga ya Drusilla Nyanchera haikuvunjika. Ingevunjika, watu wangekuja mbio, wangepiga yowe, wangembeba kwa machela mpaka barabarani, na mambo yangekwisha upesi, kwa heri au kwa shari. Yake ililika polepole, kama jiwe la kusagia wimbi linavyolika, mpaka siku moja unaliangalia unakuta limekuwa bonde. Kwanza aliumwa akishuka mtoni. Halafu akaumwa akipanda kutoka mtoni. Halafu akaumwa akiwa amelala tu, hajafanya lolote, na hapo akajua kwamba huyu si mgeni wa kupita, huyu amekuja na mkeka wake.

Nyumba yake ilikuwa juu kilimani, ng'ambo ya Keumbu, mahali ambapo ukimwaga maji mlangoni yanakutangulia kufika barabarani. Mume wake, Onchiri, alikuwa amekwisha kufa. Mwanawe wa kiume, Angwenyi, alikuwa Kericho kwenye mashamba ya majani chai, na alionekana nyumbani mwaka ukiisha. Binti yake, Loice, alikuwa ameolewa Tabaka, kwa wachonga mawe, na hapo ndipo palipomuuma Drusilla kuliko nyonga yenyewe. Kwa kina Drusilla, mama humpelekea binti yake aliyeolewa kapu la wimbi. Hatumwi mtu kulipeleka. Mama analibeba mwenyewe kichwani, anaingia nalo kwa miguu yake mpaka jikoni kwa binti, ndipo jiko lile linaitwa jiko. Loice alikuwa amekwisha kuzaa mara mbili na jiko lake halijaona kapu. Kapu lenyewe Drusilla alikuwa amelisuka zamani. Lilining'inia juu ya moshi, likawa jeusi likimngoja.

Mwaka wa sabini na moja Loice alimpeleka hospitali ya serikali mjini Kisii. Wakampiga picha ya mifupa. Daktari akaishika dhidi ya dirisha, akakunja ngumi ya mkono mmoja akaitia kwenye kiganja cha mkono wa pili.

"Mama, mguu wako unazunguka hivi ndani ya nyonga. Sasa hapa mfupa umekula mfupa. Hakuna kidonge cha kurudisha."

"Basi nikalale nikafe?"

"La. Siku hizi tunakitoa kile kilicholika, tunaweka cha chuma. Lakini daktari anayejua kazi hiyo anatoka Nairobi, anakuja hospitali ya mkoa mara chache. Na vyuma vyenyewe vinakuja kwa meli kutoka Ulaya. Kuna wengine mbele yako. Mtu wenu awe anapita kuuliza. Zamu ikifika utachukuliwa na gari la hospitali mpaka huko." Akaurudisha mguu wa Drusilla chini taratibu, kama mtu anayeweka yai. "Tutajitahidi usingoje sana. Mguu unafupika. Ukifupika kupita kiasi, hata chuma hakitausaidia."

Jirani yake Tryphosa, aliyeolewa kwenye ukoo uleule na aliyekuwa mwenzake wa kuchuma pareto tangu ujana wao, alicheka mpaka akashika ukuta.

"Chuma, Nyanchera! Wewe hutaoza. Wajukuu watafukua kaburi watafute jembe."

"Wafukue. Mradi niwe nimelitumia kwanza."

"Lakini kwa nini ungoje meli? Yuko mganga wetu, mzee Nyasani, pale chini, anafungua fuvu la mtu asubuhi, jioni mtu anakula uji. Hana foleni."

"Nyasani anapasua vichwa. Kichwa changu ni kizima, Tryphosa. Cha kwako ndicho ukampelekee."

Walicheka, na Drusilla akaanza kungoja.

Kungoja kwa mgonjwa wa nyonga si kama kungoja kwa mgonjwa wa homa. Siku moja aliburutwa na Loice mpaka hospitali kuomba walau dawa ya maumivu, akamuuliza nesi, mama mmoja mnene mwenye sauti tamu ya kutoka pwani, kwa nini wengine wanaingia na yeye yuko pale pale. Nesi akamshika bega. Hakumjibu vibaya.

"Mama yangu, hebu tazama. Yule lori limempindukia. Yule mtoto amekwama tumboni tangu jana. Chumba cha kupasulia ni kimoja. Wewe unaumwa, najua unaumwa. Lakini hufi. Asiyekufa humpisha anayekufa."

Drusilla alirudi nalo neno hilo nyumbani kama mtu aliyepewa jiwe badala ya ugali. Hakuweza kulitupa kwa sababu lilikuwa kweli. Usiku nyonga ikimchoma, akitaka kugeuka na hawezi, alikuwa akiliambia paa: asiyekufa humpisha anayekufa. Lakini wanaokufa hawaishi kuja. Sasa mimi nitapita lini?

Baada ya hapo hakuweza tena kuteremka kilima. Loice naye alikuwa na watoto wadogo, na Tabaka ni mbali. Ndipo kazi ya kupita hospitali ikamwangukia mkwe, Josiah Obwocha.

Obwocha alikuwa mchonga mawe. Alichimba mwenyewe yale mawe laini ya Tabaka, akayabeba kwa mgongo kutoka shimoni, akayachonga viboko, ndege na mabakuli, na kila siku ya soko alikuwa mjini Kisii akiwauzia wafanyabiashara. Hospitali ilikuwa njiani kwake. Ni nani mwingine wa kutumwa?

Lakini kwa Wagusii kuna kitu kinaitwa ensoni. Ni aibu, ila si aibu ya mtu aliyekosa. Ni aibu ya heshima, ile inayokaa katikati ya mkwe na mama wa mke wake. Hawashikani mikono. Hawakai benchi moja. Mkwe akimwona mama mkwe njiani, huingia shambani kwa watu akampisha. Na jina lake hatalitaja hata umshikie panga. Atamwita kama mke wake anavyomwita: baba. Ndiyo, baba. Wageni hushangaa, lakini katika Ekegusii aliyekubeba tumboni ndiye baba, na mume wake ndiye tata. Mtoto wa Kisii huenda shule, mwalimu akamwambia kwa Kiswahili baba ni yule mwanaume, na mtoto hurudi nyumbani akimtazama mama yake kwa mashaka.

Basi Obwocha alipita hospitali, akarudi Tabaka, akamwambia Loice, na Loice alipokuja Keumbu akamwambia mama yake.

"Baba, wamesema bado. Wamesema mzee avumilie."

"Wameniita mzee?"

"Mzee Onchiri, ndivyo walivyosema. Kwa jina la nyumba."

Drusilla alifurahi kidogo. Angalau huko wanajua heshima.

Mwezi mwingine, bado. Mvua zikaja, bado. Meli haijafika, bado. Daktari amekwenda kwao likizo, bado. Mzee avumilie. Waswahili wanasema subira huvuta heri, lakini hawakusema inaivuta kwa kamba ya urefu gani. Wanasema pia ngojangoja huumiza matumbo. Yake ilianzia nyongani ikapanda. Watoto waliokuwa wakinyonya mwaka ule wa picha walianza kuchunga ndama. Mguu wa kulia ukafupika hata akawa anatembea kama mtu mwenye mguu mmoja shimoni. Kisha akaacha kutembea. Hakuweza kukaa kwenye kigoda kama wanawake wengine, maana ukikaa chini nyonga inakunjwa, na ikikunjwa anaona nyota mchana. Kiti kirefu pale nyumbani kilikuwa kimoja, cha marehemu Onchiri, na cha mzee hakikaliwi na mwanamke. Kwa hiyo alikula amesimama, ameegemea nguzo, kama kuku aliyenyeshewa.

"Huyo mkwe wako," Tryphosa alimwambia siku moja wakimenya ndizi, mmoja amekaa, mmoja amesimama, "una hakika anaingia hospitali? Mjini kuna vilabu vingi kabla ya kufika getini."

"Obwocha hanywi."

"Wa Tabaka wote ni wa misa. Divai si pombe?"

"Tryphosa, menya ndizi."

Lakini neno likishatupwa huota. Drusilla alianza kujiuliza. Mtu gani anaambiwa bado mpaka watoto wanaota meno na kuyang'oa? Hakumwambia Loice. Aliliweka moyoni, na moyoni hapakuwa na nafasi nzuri siku hizo.

Mwaka wa sabini na nne, mwezi wa nane, kilima chote kilikwenda makambi. Wasabato wa Keumbu hawakosi makambi. Wanaume walibeba mahema, wanawake walibeba sufuria, wakahamia uwanjani mbali kuimba na kuhubiriwa juma zima. Waliobaki kilimani walikuwa kuku, wazee wasiojiweza, na Tryphosa, ambaye macho yalimsumbua, akasema atakwenda hospitali Alhamisi kutiwa dawa.

Alhamisi hiyo mchana Loice alifika kutoka Tabaka, mimba imekaribia siku zake, akipumua kama ng'ombe aliyepanda mlima. Nyuma yake, mbali kidogo kama inavyompasa mkwe, alikuja Obwocha na kiti kichwani. Alikuwa amekichonga yeye mwenyewe kwa mti mgumu: kirefu, mgongo wima, mikono miwili ya kushikia. Alikiweka uani, akarudi nyuma mpaka kwenye ua wa ndizi, akageukia upande wa bonde.

"Ni wako, baba," Loice alisema. "Nilimwambia unakula umesimama. Akasema cha mwanamke hakikukatazwa kuwa kirefu, ni vile tu hakuna aliyekichonga."

Drusilla alikaa. Nyonga haikulia. Alishika ile mikono miwili, laini kama viboko vya Tabaka, akaipapasa. Alikuwa bado amekaa hivyo jioni ilipoingia, na Tryphosa akatokea kwenye kona ya njia akikimbia, dawa ya macho ikimchuruzika mashavuni.

"Nyanchera! Wamekuita!"

"Nani?"

"Hospitali! Nimekaa zangu pale natiwa dawa, nasikia nesi anaita, Drusilla Onchiri, mama wa nyonga! Nikapiga kelele, yuko nyumbani! Akaniambia, basi mwambie kesho asubuhi awe hapa, gari linakwenda hospitali ya mkoa. Akasema tumeshamwita huyo safari mbili kabla ya leo hakutokea. Kesho asipokuja, jina linarudi nyuma ya wote."

Drusilla alijua kwamba kwa mguu wake hakuna tena nyuma ya wote. Daktari alikwisha kumwambia mwanzoni kabisa. Lakini si hilo lililomwasha kwanza.

"Safari mbili," alisema polepole. "Nimeitwa safari mbili. Na mimi naambiwa bado."

Hakuangalia upande wa ua wa ndizi.

Mvua ilinyesha mpaka alfajiri. Gari halipandi kilima kile hata jua likiwaka. Machela yalihitaji watu wanne, na wanaume wote walikuwa makambini wakiimba. Loice hakuweza hata kuinama. Tryphosa alikuwa haoni vizuri zaidi ya pua yake. Asubuhi walisimama pale uani, wanawake watatu, na yule mwanaume mmoja kule kwenye ndizi, na kila mmoja alijua mwenzake anafikiria nini na hakuna wa kulisema.

Tryphosa ndiye aliyelisema. "Mkwe hambebi mama mkwe. Haijawahi kuwa. Bora akose mguu."

"Mguu ni wa nani?" Drusilla akamuuliza.

Obwocha alisogea. Akazungumza na mke wake, ila kwa sauti ya kusikika. "Mama Bochaberi, mimi sitambeba baba. Mimi nabeba kiti. Mawe ya shimoni nayabeba mgongoni kwa kamba kila siku. Kiti kikifungwa mgongoni kwangu, mimi nitatazama mbele, atakayekaa atatazama nyuma. Sitamwona, hataniona. Kama kuna mtu kwenye kiti, hayo ni mambo ya kiti."

Drusilla alitaka kukataa kwa hasira. Kisha akajaribu kuuinua mguu. "Lete kamba," alisema.

Wakafunga. Tryphosa alimfunika Drusilla leso usoni kwa ajili ya heshima, macho tu yakabaki nje, mguu mbovu ukanyooshwa juu ya ubao uliofungwa kwenye kiti. Obwocha akapiga goti, akavuta pumzi, akasimama. Kilima kikaanza kurudi nyuma mbele ya macho ya Drusilla: nyumba yake, Loice akipunga mkono, Tryphosa akipunga mkono upande ambao hakuna mtu.

Walishuka taratibu. Udongo ulikuwa kama sabuni. Mgongoni kwake Drusilla alisikia mbavu za mtu zikipanda na kushuka. Walipofika kwenye mgomba mkubwa, alishindwa kuvumilia.

"Kiti," alisema.

Hatua zikapungua.

"Kiti, muulize huyo aliyekubeba. Ile hospitali alikuwa akiingia, au alikuwa akiiangalia kutoka barabarani?"

Mguu wa Obwocha uliteleza, ukashika.

"Kiti, mwambie baba nilikuwa naingia. Mpaka askari wa getini ananijua."

"Na waliniita safari mbili."

"Kiti, mwambie sikusikia hata moja. Kila nilipouliza, waliniambia bado."

"Basi, kiti, mwambie kati yetu sisi watatu kuna mwongo. Na wewe ni mti, husemi."

Obwocha alishuka mpaka chini bila kupumzika, na Drusilla alisikia zile mbavu zikienda kwa namna nyingine, kama za mtu aliyepigwa. Akajuta kidogo. Kidogo tu, nyonga ilikuwa ikimtikisa.

Barabarani lori la ndizi lilikuwa likipakia. Dereva wake, Nyangau, alipowaona alishika kiuno.

"Ala! Chifu gani huyu anabebwa na kiti chake? Anakwenda baraza?"

"Anakwenda kutiwa chuma," Drusilla alisema kutoka ndani ya leso. "Nipandishe, na unyamaze."

Wakampandisha pamoja na kiti, kati ya mikungu. Obwocha akakaa mbali kabisa, kule nyuma, miguu inaning'inia nje, mvua imeanza tena ikimpiga.

Walifika hospitali mvua imekuwa ya mawe. Veranda ilijaa watu mpaka kwenye ngazi. Obwocha alisukuma na kuomba radhi, akamtua kwenye kona kabisa ukutani, ndipo palipokuwa na nafasi ya kiti. Mabati yalinguruma hata mtu hasikii kikohozi chake mwenyewe. Ng'ambo ya uwanja landrova ya hospitali ilikuwa imewashwa, mlango wa nyuma wazi, wanawake wawili wameshakaa ndani na vifurushi vyao. Yule nesi wa pwani alisimama mlangoni mwake na mwavuli.

"Drusilla Onchiri!"

"Niko!" Drusilla alijibu. Sauti yake ilifika kwenye mgongo wa mtu aliyekuwa mbele yake, ikaishia hapo.

"Drusilla Onchiri wa Keumbu! Mama wa nyonga!"

"Niko hapa! Jamani, nipisheni, niko hapa!" Akainua leso, akapunga. Watu walikuwa wakigombania pa kujikinga, hakuna aliyegeuka. Akajaribu kusimama, na nyonga ikamrudisha kitini kama mbwa aliyefungwa.

Obwocha alikwisha kuruka ngazi. Drusilla alimwona akikimbia katika mvua, akimfikia nesi, akinyoosha mkono kuonyesha veranda. Mvua ilipungua kidogo, kama nayo inataka kusikia.

"Sista! Ngoja! Baba yuko hapa! Nimemleta baba!"

Nesi alimtazama, akatikisa kichwa kwa huruma. "Ni wewe tena? Kaka yangu, leo ni wanawake. Mzee Onchiri bado. Wanaume nimekwambia vyuma vyao havijafika. Kila mwezi nakwambia mzee bado, mzee bado, husikii? Leo namtafuta mama."

"Lakini baba ndiye huyo! Baba wa nyonga!"

"Wanaume bado!" Akageuka kwa dereva. "Huyu mama hakuja tena, maskini. Twende."

Mlango wa landrova ukafungwa. Na Drusilla, pale kwenye kona yake, akaelewa yote kwa mara moja, kama mtu anayefunguliwa dirisha. Baba. Mzee. Onchiri. Mtu huyu alikuwa amepita hapa mwezi baada ya mwezi, amesimama mbele ya watu wa Kiswahili, na kwa heshima yake hakulitaja jina la mama mkwe. Alisema baba. Nao wakamtafuta baba. Hakuna aliyedanganya. Hata kiti hakikudanganya.

Landrova ikaanza kusogea. Obwocha alisimama katikati ya matope, mikono kichwani. Akageuka kutazama veranda, na kwa mara ya kwanza tangu amwoe Loice akamtazama mama mkwe wake usoni. Drusilla hakujifunika. Aliinua kidevu, kama unavyomwinulia kidevu mtoto anayeogopa kuvuka mto.

Obwocha akafumba macho, akakimbilia mbele ya gari, akaipiga boneti kwa viganja vyote viwili.

"Nyanchera!" alipaza sauti. "Drusilla Nyanchera! Mke wa Onchiri, mama mkwe wangu! Ni mwanamke! Nyanchera yuko hapa!"

Wale wa kutoka vijijini walishika midomo. Mwanamke mmoja alisema "Uwi!" kama aliyeona mtu akivua nguo sokoni. Na Obwocha akabaki hapo hapo, ameinamia boneti, uso ndani ya mikono.

Gari lilisimama. Nesi alishuka bila mwavuli, akaja mpaka kwenye kona, watu wakimpisha sasa, akamwona Drusilla kitini.

"Huyu ndiye baba?"

"Kwetu mama ndiye baba," Drusilla alisema. "Hakuna aliyekwambia?"

Nesi akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika magoti. Kisha kicheko kikakatika ghafla, akautazama ule mguu mfupi ulionyooshwa juu ya ubao, na macho yake yakajaa.

"Ya Rabi. Nilikuita, mama. Nilikuita mwaka jana, na mwaka huu tena. Na yeye kila mwezi alikuwa akija kusimama hapa hapa mbele yangu."

"Hukukosa. Uliulizwa baba, ukajibu ya baba. Nipandishe garini, mwanangu, kabla hujaniambia asiyekufa apishe."

Wakamwinua wauguzi wawili. Obwocha, bila kumtazama mtu, alikifunga kiti juu ya paa la landrova kwa kamba zake za mawe. Gari lilipoondoka Drusilla alitafuta uso wake dirishani, akauona mgongo tu.

Hata huko hospitali ya mkoa alingoja. Chuma cha kwanza kilikuwa kikubwa kuliko nyonga yake, kikangojwa kingine, naye alilala karibu na dirisha akijifunza Kijaluo cha salamu kutoka kwa mgonjwa wa kitanda cha pili. Daktari kutoka Nairobi alipompima alikunja uso, akasema ungechelewa kidogo tu nisingekugusa. Akamgusa. Mguu ulibaki mfupi kwa unene wa kidole, ukatengenezewa kiatu chenye soli nene. Lakini alilala ubavu. Usiku wa kwanza aliolala ubavu alilia mpaka yule Mjaluo akaita nesi, akidhani ni maumivu.

Alirudi Keumbu, akajifunza kushuka kilima, akajifunza kukipanda. Obwocha hakuja. Alituma sukari kupitia Loice, alituma sabuni, alichonga bakuli la jiwe akalituma, mwenyewe hakuja. Loice alisema akisikia Keumbu inatajwa hutoka nje. Kulitaja jina la mama mkwe mbele ya hospitali nzima si jambo la kufutwa na mvua.

Basi mwaka uliofuata, wimbi lilipovunwa, Drusilla alilishusha kapu kutoka kwenye moshi.

Alishuka kilima mwenyewe, gongo mkononi. Alipanda gari mpaka karibu na Tabaka, akateremka, akamwambia kondakta amwinulie kapu kichwani, akaenda kwa miguu katika vumbi jeupe la mawe, kiatu kimoja kirefu, kimoja kifupi. Watoto wa Loice walimwona kwanza. Kisha Obwocha, aliyekuwa akipiga msasa kiboko uani, akainua macho, akatupa kiboko, na kabla hujapepesa alikuwa amechutama nyuma ya rundo la mawe.

Drusilla alisimama mbele ya rundo, kapu kichwani.

"Jiwe," alisema, kwa sauti ya kumfikia mtu. "Mwambie huyo aliye nyuma yako, nilimwita mwongo na hakuwa mwongo. Hilo nimekuja kulirudisha."

Akaliweka sawa kapu kichwani.

"Halafu umwambie, jina likishatoka mdomoni halirudi. Alilitoa wakati wake, na alilitoa vizuri, sikujua lina sauti nzuri vile." Akaegemea gongo. "Lakini asizoee."

Kitu kilikohoa nyuma ya mawe. Kilikuwa kicheko au kilikuwa kilio, hakikujulikana.

"Jiwe," sauti ya Obwocha ilisema hatimaye, imekauka, "mwambie baba karibu nyumbani."

Drusilla akaingia. Aliinama mlangoni, akaenda na kapu kwa miguu yake miwili mpaka jikoni, akalitua penye mafiga. Loice alifunika uso kwa mikono. Drusilla alitafuta mahali pa kukaa, akaona vigoda vya chini tu, vile alivyokatazwa na daktari. Loice akafuta macho, akaingia chumba cha ndani, akatoka akikokota kiti kirefu, mgongo wima, mikono miwili, pacha wa kile cha Keumbu.

"Alikichonga siku moja na kile," alisema. "Kimekuwa hapa tangu wakati ule, kinakungoja."

Kilikuwa kimeshika vumbi jeupe. Drusilla alivua leso, akakipangusa, mkono huu, na mkono ule, akakaa.